Fibroidi na majipu ya kinenani: je, vina asili moja?

Bint Kisauni:
Assalaam alaykum. Nina umri wa miaka 41, na skani imeonyesha kwamba nina fibroidi katika mji wa mimba. Hedhi yangu ni nzito na hukawia kukatika, na siku hizo hizo hutokwa na majipu na mashilingi (mabaka ya duara yanayowasha) kinenani. Muuza dawa za miti shamba amenihakikishia kwamba yote ni damu chafu inayotafuta pa kutokea, na kwamba chupa yake moja husafisha vyote. Ametaja na wanawake waliopona. Kabla sijatoa pesa, ningependa kujua utafiti unasemaje.

Muuguzi Mstaafu, Tudor:
Waalaykum salaam, mwanangu. Fibroidi si maambukizi wala si taka za damu. Ni misuli ya mji wa mimba wenyewe iliyokua kupita kiasi ikichochewa na homoni za estrojeni na projesteroni, na nyingi zina badiliko katika jeni iitwayo MED12, jambo lililogunduliwa mwaka 2011. Majipu huletwa na bakteria, hasa stafilokoka. Mashilingi ni fangasi.

Hata hivyo, hukukosea kuona kwamba vinafuatana. Pedi inayovaliwa siku nyingi mfululizo katika fukuto la pwani yetu huilowesha ngozi na kuichubua, na hapo vijidudu hupata mwanya. Wembe wa kunyolea huzidisha. Damu ikipungua, huenda ngozi nayo ikapata nafuu, lakini kila ugonjwa utafutiwe tiba yake. Pima sukari, kwa kuwa majipu yanayojirudia yanaweza kuwa dalili ya kisukari, na upime himoglobini: kwa mwanamke asiye mjamzito, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, ana upungufu wa damu.

Mtakwimu, Nyali:
Mimi nataka kuzungumzia hao wanawake waliopona. Katika majaribio mawili ya dawa yaliyoitwa LIBERTY, yaliyochapishwa mwaka 2021, wanawake wenye fibroidi na hedhi nzito walipewa dawa ya relugoliksi iliyochanganywa na homoni, na wenzao wakapewa vidonge vinavyofanana visivyo na dawa ndani yake. Baada ya wiki 24, damu ilikuwa imepungua kwa kiwango kilichowekwa kwa asilimia 73 na 71 ya waliotumia dawa. Lakini hata katika makundi ya vidonge vitupu, asilimia 19 na 15 walifikia kiwango hicho hicho! Basi muuzaji akiwa na wateja wengi, hatakosa mashahidi, hata kama chupa yake ni maji matupu. Tena, fibroidi kwa kawaida husinyaa zenyewe hedhi inapokoma kabisa kwa sababu ya umri, na mteja aliyekaribia umri huo ataisifu chupa. Relugoliksi nayo ina mipaka yake: nchini Marekani iliidhinishwa itumiwe kwa muda usiozidi miezi 24, kwa sababu inaweza kupunguza uimara wa mifupa.

Bint Kisauni:
Nawashukuru nyote. Kuna krimu ya tyubu niliyoshauriwa dukani, nami naona mwasho unatulia nikiipaka, kisha unarudi ukiwa umeenea zaidi.

Mfamasia, Changamwe:
Dada, soma maandishi ya tyubu hiyo. Krimu nyingi za mchanganyiko zina steroidi kali, ambayo hutuliza mwasho na wekundu huku fangasi ikiendelea kutambaa, na mwishowe hata daktari hupata shida kuitambua kwa macho. Mashilingi ya kinenani hutibiwa kwa dawa ya fangasi pekee, kama klotrimazoli, kwa wiki kadhaa, na usiikatize mara tu mwasho unapokwisha.

Kuhusu majipu, jichunguze na makwapa pia. Ikiwa yanarudi pale pale, yanaacha makovu, au yanachimba vijia chini ya ngozi, huenda si majipu ya kawaida bali ni hidradenaitisi, ugonjwa wa uvimbe wa vinyweleo usioambukizwa na mtu mwingine, ambao wengi huishi nao miaka mingi wakitumbuliwa usaha bila kuambiwa jina lake. Huo unahitaji daktari wa ngozi, nawe umweleze habari za fibroidi na dawa zote unazotumia, ikiwemo hiyo ya chupa ikiwa umeshaionja.