Ushauri: Upasuaji wa matundu madogo kwenye bega lililosagika, nitegemee nini?

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Bega langu la kulia limesagika gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa zisisuguane. Usiku siwezi kulilalia, kuvaa shati ni shughuli, na nikizungusha mkono nasikia linakwaruza ndani. Vidonge na sindano ya kwenye bega vilisaidia kwa muda, sasa wapi. Daktari anapendekeza upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera. Aliyepitia anieleze ukweli: maumivu yanaisha? Kazini nitarudi lini?

Bega Kwa Bega:
Pole sana mkuu. Mimi nilipigwa nusu kaputi pamoja na sindano ya ganzi shingoni, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ganzi inaweza kukaa hadi siku nzima, mkono hausikii lolote, hata kope ya upande huo inaweza kulegea. Usiogope, yote huondoka na ganzi. Ila meza dawa za maumivu kabla haijaisha, usisubiri yakuanze! Bega litavimba kwa sababu ya maji wanayopitisha ndani ili kamera ione vizuri. Uvimbe hupungua siku chache tu. Siku za mwanzo lala umeegemea mito, nusu umekaa.

Mama Wawili:
Kaka, gegedu iliyoisha hairudishwi na upasuaji huu. Wanasafisha: wanatoa vipande vinavyoelea, wanalainisha palipochakaa, wanalegeza mfuko wa kiungo uliokaza. Bega lililosagika kiasi hupata nafuu, pengine ya muda. Lakini kama eksirei inaonyesha mfupa unasugua mfupa, mara nyingi kinachofaa zaidi ni kuwekewa kiungo bandia. Muulize daktari bega lako limefika wapi kabla hujasaini fomu.

Mtaalamu wa Viungo:
Nakubaliana na dada hapo juu. Kama hakuna kano (kamba inayoshikisha msuli kwenye mfupa) iliyoshonwa, mazoezi huanza siku 1 au 2 baadaye, na usiyakwepe, bega likiachwa hukakamaa. Kano ikishonwa, kupona huchukua miezi kadhaa. Isiposhonwa, kazi ya mezani unarudi baada ya wiki 1 hadi 2. Kunyanyua vizito, hesabu kama miezi 3. Ukiona homa, usaha au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudi hospitali haraka.

Mleta mada:
Asanteni sana. Nina pumu, hiyo ganzi ya shingoni haina shida?

Mtaalamu wa Viungo:
Mwambie daktari wa usingizi mapema kabisa. Ganzi hiyo hudhoofisha kwa muda msuli wa kupumulia upande mmoja, kwa hiyo anaweza kukuchagulia njia nyingine.