Kijana apewe barua aende Ufaransa, au tumkalie kwanza?

Mjomba wa Lurambi
Wadau, hamjambo. Nina jambo linaninyima usingizi, na najua humu kuna waliocheza, waliofundisha na wanaopiga kelele tu. Wote nawahitaji. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 19. Anacheza raga: ni propu nambari tatu, fowadi anayebeba upande wa kulia wa skramu, pale mafowadi wanaposukumana. Kilo 118, na Kenya Cup, ligi kuu ya raga hapa Kenya, amecheza msimu mmoja. Sasa klabu moja ya Pro D2, daraja la pili kule Ufaransa, inamtaka kwenye kituo chake cha mafunzo. Chumba, chakula, posho kidogo, na shule ya Kifaransa. Klabu yake ya hapa nyumbani imeikalia barua ya kumruhusu. Mkubwa mmoja alinijibu, "Tumemlea sisi, Mfaransa avune?" Swali langu: vijana tuwaachie wakiwa wadogo hivi, au wabaki kwanza walitumikie taifa? Wafaransa wanataka jibu Ijumaa.

Kasmuel wa Ngong Road
Mjomba, hapo huna swali. Mfungie begi. Msimu mmoja wa Kenya Cup unalipa nini zaidi ya nauli na soda? Mwaka 2018 Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, walifunika jina la mfadhili kifuani pale Paris kwa sababu ya malipo yao, dunia nzima ikitazama. Kama waliobeba bendera walifikishwa hapo, propu wa miaka 19 atapewa nini, kalenda? Tena akienda atajifunza raga yenyewe, ya watu 15. Huku tumezoea hii ya saba, ya kukimbizana kama kuku wa Krismasi.

Shabiki wa Safari Sevens
Umesema kuku?

Hao kuku walimchinja Fiji fainali ya Singapore 2016, 28-7, Fiji yule yule aliyekwenda kubeba dhahabu ya Olimpiki ya Rio miezi michache baadaye. Kocha wetu, marehemu Ayimba, alikuwa kwenye benchi, na mimi nilikuwa baa moja Lang'ata nikilia mbele ya watu nisiowajua. Mwezi uliofuata Injera wetu akampita Gómez Cora wa Argentina akawa mfungaji trai bora katika historia ya msururu wa dunia wa saba. Nitajie fowadi wako mmoja wa 15 anayejulikana hata na makanga wa Rongai.

Kasmuel wa Ngong Road
Nakujibu kwa neno moja: Marseille.

Novemba 2018, tikiti ya mwisho ya Kombe la Dunia. Canada walitufunga 65-19. Hong Kong 42-17. Ujerumani 43-6. Ujerumani, bwana! Watu wa gari na soseji! Tulisukumwa kwenye skramu kama mkokoteni wa Gikomba. Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la 15 hata mara moja, na wewe bado unalilia Singapore.

Bint Kizingo
Nyinyi wawili tafuteni kivuli mkae mmalizane. Mjomba, mama wa mtoto asemaje? Maana naona barua, naona kilo, naona Wafaransa, dada yako simwoni.

Msafiri wa Toulouse
Niko huku mwaka wa nane. Si mchezaji, nabeba makasha ghalani, lakini mji huu Jumapili ni kanisa halafu raga, na wengine wanaruka kanisa. Niseme ninachokijua.

Top 14, daraja la kwanza la huku, na Pro D2 zina kanuni inayoitwa JIFF. Top 14 kikosi cha mechi ni watu 23, na kwa wastani wa msimu 16 kati yao wawe wamelelewa kwenye mfumo wa Ufaransa. Wasiotimiza wanakatwa pointi au kutozwa faini. Wakenya wengi wanadhani hiyo ni kanuni ya pasipoti. Siyo. Kijana mgeni akimaliza misimu mitatu kwenye kituo cha mafunzo kilichoidhinishwa, anahesabiwa kama wa kwao, awe Mfiji, Mgeorgia au mtu wa Lurambi. Ukija na miaka 25 umeiva, umecheza Shujaa, una medali, wewe ni mgeni tu, na zile nafasi chache za wageni unazigombania na Waafrika Kusini. Kwa hiyo huyo mkubwa anayesema "akomae kwanza" anamfungia mlango bila kujua. Au anajua.

Halafu ni nambari tatu. Propu wa kulia ndiye mtu anayesakwa kuliko wote, kwa sababu anayeweza kubeba upande ule wa skramu kwa dakika 50 ni nadra. Wageorgia walilijua hilo mapema. Propu wao Zirakashvili alikaa klabu ya Clermont zaidi ya miaka kumi na akabeba ubingwa wa 2010. Vijana wao wamejaa klabu za huku, na Georgia haijakosa Kombe la Dunia tangu 2003. Kuondoka kwao hakukuua timu, ndiko kulikoijenga.

Shabiki wa Safari Sevens
Asante kwa kutaja Wafiji. Fiji ilijengwa na nini? Na saba! Na huyo Dupont wenu wa hapo Toulouse, mchezaji bora wa 15 anayetembea juu ya ardhi, mwaka 2024 aliacha mashindano ya Mataifa Sita akaja kufanya nini? Saba. Akaondoka na dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Naye ni kuku?

Kasmuel wa Ngong Road
Dupont alitoka 15 akaenda kutalii. Angekuwa ametoka saba usingemjua.

Winga Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi nilienda Ulaya. Sitaji nchi wala klabu. Mkataba wa kurasa mbili, nusu yake sikuielewa, ajenti akaniambia weka sahihi mengine tutayaona. Miezi mitatu walilipa. Wa nne wakasema subiri. Wa tano nikakuta kufuli limebadilishwa. Nililala sebuleni kwa Mkongomani mmoja, akinipikia pondu, tukielewana kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. Nilirudi nyumbani na goti la mzee.

Msidhani ni klabu ndogo tu. Uingereza, Worcester na Wasps zilianguka 2022, London Irish ikafuata 2023. Wasps ni mabingwa wa Ulaya mara mbili. Watu waliamka asubuhi hawana kazi. Kwa hiyo mjomba, kabla ya kuuliza kama aende, uliza: goti likikatika nani analipa hospitali? Kijana akiachwa, tikiti ya kurudi iko mkononi mwa nani? Hayo yaandikwe, tena kwa lugha mnayoielewa.

Kasmuel wa Ngong Road
Winga wa klabu gani? Maana humu kila mtu alikuwa winga. Propu hatujawahi kumpata.

Winga Mstaafu
Ninazungumzia goti, wewe unazungumzia klabu. Basi njoo uwanja wa Impala Jumamosi nikuoneshe yote mawili.

Mtani wa Kijenge
Salaam kutoka Arusha. Mimi ni mtu wa mpira, raga naiona tu pale wazungu wanapocheza wikiendi, lakini ndugu zangu, hili sisi tulishalimaliza. Samatta alitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 akaenda Genk, siyo Barcelona, Genk. Akafunga, akabeba ubingwa wa Ubelgiji, 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Angekaliwa na barua ya mtu mpaka leo angekuwa anatangaza soda. Mwacheni dogo aende. Mchezo wenyewe si ule wa kubebana tu?

Shabiki wa Safari Sevens
"Wa kubebana tu." Jirani, umekuja mgeni na kiatu cha tope umekanyaga mkeka.

Kasmuel wa Ngong Road
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Shabiki. Samatta alikuwa na miaka 23 akienda Genk, tena keshakuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alikomaa KWANZA. Mfano wako unamsaidia mkubwa wa klabu, haumsaidii kijana.

Mtani wa Kijenge
Alikomaa Lubumbashi, kaka. Lubumbashi siyo Dar. Simba walimwachia akiwa bado kinda. Umeniongezea hoja, ahsante.

Barbarian wa '98
Kasmuel, nimerudi kwenye maneno yako ya juu. "Propu wa miaka 19 atapewa nini." Hiyo dharau ya Nairobi kwetu sisi wa Kakamega naijua tangu shule. Tukija kucheza huko mlikuwa mnatuuliza kama tumeletwa na lori la miwa. Nenda leo Kakamega siku klabu yetu ya Kabras inacheza uwanja wa Bull Ring uone nani anamiliki raga ya nchi hii. Ngong Road mmebaki na nyama choma na kumbukumbu.

Kasmuel wa Ngong Road
Sikutaja Kakamega popote! Soma tena. Ila kwa kuwa umeanza: ugali peke yake si mazoezi.

Barbarian wa '98
Ugali na ingokho, kuku wetu. Ndiyo maana mafowadi wenu wanapeperuka.

Bint Kizingo
Hivi watu wazima wanapimana kwa ugali. Njooni kwa klabu ya Driftwood hapa Mombasa Sports Club, joto lile la saa nane mchana litawapima wote, wa kilo na wa kalenda.

Mjomba, bado nangoja la dada yako.

Mwalimu wa Nakuru
Nimefundisha raga shuleni miaka kumi na tano, na jambo moja hamjaligusa. Mlimwona Atonio pale klabu ya La Rochelle, propu nambari tatu kama mpwa wa mjomba. Alizaliwa New Zealand, damu ya Samoa, akaenda La Rochelle 2011, na 2014 akavaa jezi ya Ufaransa. Wakati ule sharti la kuchezea nchi ya kigeni lilikuwa miaka mitatu ya kuishi huko, siku hizi ni mitano. Kijana wetu hajachezea Simbas, timu ya taifa ya 15. Akiwa na miaka 24 Wafaransa wakimwita, atakataa? Mimi nawalea tangu kidato cha kwanza, namnunulia mtu kiatu kwa mshahara wangu, halafu nimwone kwenye televisheni akiimba wimbo usio wetu. Inauma. Sisemi asiende. Nasema achezee Simbas mechi moja kwanza, awe amefungwa kwetu asiitwe na taifa jingine, ndipo aende.

Msafiri wa Toulouse
Mwalimu, kwa heshima. Uchungu wako ni halali, lakini tazama upande wa pili. Klabu ikishajua ana mechi za taifa, inapiga hesabu ya majuma atakayokosa. Kisheria lazima wamwachie kwenye majira ya kimataifa, ila hakuna sheria inayomlazimisha kocha kumpanga akirudi. Wafiji na Wasamoa wamelilalamikia hilo miaka mingi. Mechi moja ya kumfunga kijana inaweza kumfunga kweli, na kila upande.

Tena hatujaanza leo. Simon Shaw, lile jitu la Wasps, alizaliwa Nairobi. Alichezea Uingereza, na 2009 akavaa jezi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, kule Afrika Kusini. Mtoto wa Nairobi akawa simba wa wenyewe, na hapa hakuna aliyekosa chakula cha jioni.

Mwalimu wa Nakuru
Shaw hakununuliwa kiatu na mimi.

Msafiri wa Toulouse
Hapo sina jibu, mwalimu.

Kasmuel wa Ngong Road
Ila mwalimu, kusema kweli, hao Simbas unaotaka wamfunge, wanacheza mechi ngapi kwa mwaka? Zimbabwe wamewatoa Namibia 30-28 pale Kampala 2025 na kwenda Kombe la Dunia. Zimbabwe, waliokuwa hawajaonekana huko tangu 1991. Sisi tulikuwa hapo hapo Kampala, tukatolewa na Namibia hao hao. Kijana ataenda kufungwa kwenye nini?

Shabiki wa Safari Sevens
Ndiyo maana nasema tuwekeze kwenye saba. Tulishuka kwenye msururu wa dunia 2023, tukapanda tena 2024 kwa jasho. Kijana abaki, aingie kambi ya Shujaa, aone dunia nzima. Ufaransa ataiona akizeeka.

Mjomba wa Lurambi
Jamani. Jamani.

Nimetoka kazini nikakuta majibu sitini. Nimesoma yote, hata ya ugali. Shabiki, ndugu yangu, kijana ni PROPU NAMBARI TATU. Kilo 118. Niliandika mstari wa nne. Ukimweka kwenye saba, dakika ya pili tutaita machela, na huenda ikawa ya mwamuzi.

Bint Kizingo, nisamehe, wewe ndiye uliyeuliza la maana. Dada yangu hataki. Kijana amebakiza mwaka mmoja amalize stashahada ya umeme, na mama yake anasema umeme haukatiki goti. Nilipomweleza habari ya shule ya Kifaransa akauliza, "Kifaransa kitawasha taa ya nani hapa Lurambi?" Winga Mstaafu, maswali yako mawili nimeyaandika kwenye karatasi, nitawapigia Wafaransa kesho nikiwa nayo mkononi. Msafiri, nitakusumbua unisomee mkataba. Sasa imebaki barua ya klabu. Kuna yeyote humu aliyewahi kuipata kwa mtu aliyeikalia? Mlifanyaje? Ni Jumatano leo.

Barbarian wa '98
Mjomba, nitajie tu klabu. Wengi wao tulisoma nao.

Kasmuel wa Ngong Road
Msitaje. Mkitaja, barua ndiyo haitoki tena.

Bint Kizingo
Dada yako mpe salamu zangu. Mwambie Bint wa Mombasa yuko upande wake, na upande wa mtoto pia.

Mjomba wa Lurambi
Atafurahi. Lakini barua?

Shabiki wa Safari Sevens
Nimerudi kuitazama tena ile fainali ya Singapore ili kumaliza ubishi. Nilikosea. Haikuwa 28-7. Ilikuwa 30-7.