Naomba ushauri: baba hataki tena mpira wa chakula
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Baba yangu, miaka 78, ana saratani ya koo, tunamuuguza nyumbani Ngamiani, Tanga, na tunamlisha kwa mpira uliopitishwa puani. Juzi usiku alinishika kidole, akasema kwa sauti ya kukwaruza: "Mwanangu, utoeni huu mpira wa puani, nipumzike." Kaka yangu aliyeko Uholanzi anasema kule tangu 2002 sheria inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, kwa masharti. Hapa kwetu ni jinai, na mimi Mwislamu hilo silitaki kabisa. Lakini je, kuutoa mpira ni kumuua, au ni kumwachia Mwenyezi Mungu? Shangazi analia kila nikiligusia. Mliowahi kuuguza, mlimwuliza nani kwanza, daktari au shehe? Na mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, mliipataje?