Tupeane uzoefu: kununua 4WD ya mkononi na kuiandaa kwa njia za porini, Arusha na Moshi

Mwana Sakina (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Natafuta gari ndogo ya 4WD (inayosukuma magurudumu yote manne) ya mkononi, namba B au C (usajili wa zamani), ya kuzurura nayo wikendi: Monduli Juu, Longido, na Mungu akijalia Engaruka hadi Ziwa Natron. Mfuko wangu unaangukia Suzuki Escudo ya milango mitatu au Jimny. Kuagiza Japani nimeshapiga hesabu, kodi ya uchakavu kwa gari za umri huo inakula pesa yote ya kuiandaa.

Naomba tusiishie kwenye bei. Aliyenunua aseme alikagua nini, aliongeza nini kwanza, na porini kulimjibu vipi. Msimamo wangu ni kwamba pesa ya kwanza iende chini ya gari na kwenye tairi. Taa za juu na bampa la chuma vitasubiri.

Mdau wa Njiro
Mkuu, anza na chesisi. Escudo yangu ya 1999 niliikuta Kisongo kwa jamaa aliyeitoa Tanga. Bodi safi, rangi inang'aa, viti havijachanika hata kimoja. Nikalala chini na bisibisi, nikaanza kugonga chesisi kutoka mbele kurudi nyuma. Mbele chuma kinalia vizuri kabisa. Nilipofika juu ya ekseli ya nyuma, pale springi inapokaa, sauti ikawa butu. Nikagonga tena, ile rangi nyeusi ya lami ikabanduka na maganda ya kutu kwa ndani. Muuzaji mwenyewe alishtuka. Gari iliyoishi pwani huliwa na chumvi kuanzia ndani, na lami inayopakwa chini inaficha kila kitu.

Nilirudi na fundi wa kuchomelea, akachunguza, akasema panatibika. Tukakata bei, kipande kikatolewa na kuwekwa chuma kipya. Kama kutu ingekuwa imesambaa, ningeondoka.

Pili, usiridhike na taa ya 4WD kwenye dashibodi. Tafuta sehemu ya changarawe, ingiza 4H (4WD ya mwendo wa kawaida), kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole. Escudo hizi hazina difu ya katikati (inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), kwa hiyo kama mbele imeshika kweli utahisi gari inakaza na tairi zinaburuza changarawe. Ikizunguka laini, mbele hakuna kitu. Yangu ilizunguka laini. Tatizo lilikuwa kipampu kidogo cha hewa kinachounganisha difu ya mbele, na mpira wake ulikuwa umepasuka. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa difu ya katikati, usiingize 4WD kwenye lami kavu, utaumiza trensfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma).

Binti Uru
Mimi niko Moshi na Jimny ya 660cc, ile ya JB23. Huku kwetu adui ni utelezi. Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, ule udongo mwekundu wa Uru na Kibosho unajaa kwenye tairi mpaka tairi inabaki duara tupu, halafu njia yenyewe ni mteremko, na chini kuna mgomba wa mtu na mfereji. Nilikuwa na hamu ya kuinua gari, kaka yangu akanikatalia, akasema nunua tairi kwanza. Nikaweka 215/75R15 za A/T (za lami na porini) na rimu zake, bila kugusa springi. Nawaambia ukweli, ilikuwa gari nyingine. Pale nilipokuwa nateleza kiubavu sasa napanda kwa gia ya chini, taratibu, bila kukimbiza injini.

Kwenye Jimny kagua vitu viwili. Endesha mpaka spidi 60 au 70 kwenye barabara yenye mashimo madogo. Usukani ukianza kutikisika kwa nguvu, bering za kingipini (pale gurudumu la mbele linapogeukia), bushi au tairodi zimeisha. Muuzaji atakwambia ni balansi ya tairi, usikubali kirahisi. Cha pili ni mipira ya vakyumu inayofunga habu za mbele. Ikivuja, taa inawaka lakini gurudumu la mbele halisukumi.

Dereva Mstaafu
Vijana, nimewasoma. Nimeendesha watalii miaka mingi, zaidi Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ, zile ndefu zinazofunguka paa. Gari zito namna ile linapita kila mahali kwa sababu linaandaliwa, wala si kwa sababu ni kubwa.

Anayetaka Natron anisikilize. Kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka unaingia kwenye vumbi la majivu ya Oldoinyo Lengai. Ule mlima ulilipuka 2007 na 2008, na majivu yake ya zamani na mapya yametanda kule. Vumbi lile ni laini kuliko unga, na tairi iliyojaa upepo inalichimba. Nilikuwa nashusha upepo kutoka psi 30 hadi kama 18, naingiza 4WD kabla ya kufika penye vumbi, halafu mguu unatulia. Ukiona gari linazama, acha mafuta. Kila ukikanyaga unajizika. Kwa hiyo kabla ya winchi nunueni pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, kipimo cha upepo, koleo, kamba nzuri ya kuvutia na shakli mbili. Na msiende gari moja.

Eya klina ifunguliwe kila jioni. Wengi wanaua injini kule kwa vumbi, wanakuja kulalamikia oili.

Jambo jingine ni karii, ile ya kubebea mizigo juu ya paa. Mafundi wetu wa Arusha wanajua kuchomelea karii imara, lakini msiijaze. Ukiweka juu tairi la akiba, madumu na hema kwenye gari fupi kama Escudo, kwenye korongo lenye mteremko wa ubavu litalala. Vitu vizito vikae chini, ndani.

Mwana Sakina
Shikamoo mzee. Vipi RAV4 ya zamani? Kuna moja Tengeru bei nzuri.

Dereva Mstaafu
Marahaba. RAV4 haina gia ya low, ile ya kutembea polepole kwa nguvu. Kwa Monduli Juu wakati wa kiangazi itakufikisha. Kwenye mawe na kupanda kwa utaratibu utaumiza klachi au gia boksi. Kaa na Suzuki.

Bomang'ombe
Naongezea kwa wanaotamani Prado ya injini ya 1KZ. Mashine nzuri, ila ikichemsha hedi inapata ufa. Ikute ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, angalia mapovu. Yakitoka mfululizo, ondoka.

Pia ukipita mtoni usiingie moja kwa moja ukitoka mwendo mrefu. Difu ikiwa ya moto ikakutana na maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio. Mimi nilivuta mpira wa kipumulio mpaka juu kwenye injini, kazi ya nusu saa. Oili ya difu ikiwa kama chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

Kijana wa Himo
Samahani wakuu, na zile pikipiki za magurudumu manne zinazouzwa zikitoka kwenye kampuni za utalii?

Mdau wa Njiro
Nilifikiria kuchukua moja. Nyingi zina mkanda wa CVT (unaofanya kazi ya gia), na mkanda ukiingiwa na maji au vumbi unateleza. Fungua boksi lake, angalia kama mkanda umeungua au una nyufa. Tikisa magurudumu ya mbele kwa mkono, shika juu na chini. Yakicheza ni boli jointi au bering. Mimi niliacha kwa sababu spea zake si za kukuta dukani kama za Suzuki.

Binti Uru
Na makaratasi jamani. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza, namba ya chesisi isomwe kwenye gari lenyewe, deni la faini za trafiki liangaliwe kabla pesa haijatoka. Umiliki ubadilishwe TRA mapema, kabla muuzaji hajahama.

Mwana Sakina
Shukrani sana wote. RAV4 nimeiacha. Jumamosi nakwenda Usa River kuiona Escudo ya 2001, nimemwomba muuzaji asiiwashe mpaka nifike, na bisibisi ninayo. Mdau wa Njiro, ule mpira wa kipampu cha hewa uliupata duka gani, au uliagiza?

Mdau wa Njiro
Sikuagiza. Fundi alikata mpira wa vakyumu wa kipimo hicho hicho, akaubana kwa klipu mbili ndogo. Mpaka leo unashika. Nenda na kipande cha ule wa zamani, wapimie hapo hapo dukani.