Njia za zamani za kupanda miamba: ziongezewe bolti au ziachwe?

Mwanzisha Mada

Wakuu, mada hii ikiguswa huishia kwenye kejeli, safari hii tubaki kwenye hoja. Kuna njia ambazo waliozipanda mara ya kwanza walijilinda kwa kabari zao, au kwa bolti tatu nne tu ukuta mzima. Je, mtu wa leo ana haki ya kuja na keekee na kuongeza bolti ili wengi zaidi wapite?

Kwa asiyeufahamu mchezo: anayepanda kwa kabari hupachika vyuma vyake kwenye nyufa huku akipanda, anaviunganisha na kamba, na anayemfuata anavichomoa vyote. Anayepanda kwa bolti anakuta mwamba umeshatobolewa na vyuma vimekazwa humo. Yeye anabeba karabina (pete za chuma zenye mlango) mbilimbili zilizoungwa kwa utepe: moja inaingia kwenye bolti, nyingine inashika kamba. Wanaopanda mawe mafupi na kuangukia magodoro hawahusiki humu, wao wana ugomvi wao wa chaki (unga wa kukausha mikono).

Msimamo wangu: nanga za juu (pale kamba inapofungwa mwisho wa njia) ziwe na bolti, nyufa ziachwe. Karibuni.

Ufa Kwanza

Mimi hata hizo nanga sina hakika nazo, ila nianze na nyufa. Ufa mzuri unajilinda wenyewe. Tangu kabari za chemchemi (zenye meno yanayojitanua ndani ya ufa) zilipoanza kuuzwa mwaka 1978, zile za mpandaji Mmarekani Ray Jardine, hakuna sababu ya kutoboa tundu pembeni ya ufa unaoingia vidole. Unavuta kichocheo, meno yanajikunja, unaingiza, unaachia. Meno yakibaki yamejikunja kati ya nusu na robo tatu, imekaa. Ukiibana hadi mwisho utaiacha humo, haitoki. Ukiiacha wazi sana, kamba ikiitikisa inatembea na kuchomoka. Mkono wake uelekee upande utakaovutwa ukianguka, siyo upande uliokuwa rahisi kwako kuuingiza.

Huu ni ujuzi. Ukipiga bolti kando ya ufa, humsaidii anayejifunza, unamnyima mahali pa kujifunzia. Atakayeshindwa kuipanda leo aende njia nyingine, arudi mwakani.

Na msiseme hakuna aliyewahi kuharibu mlima kwa keekee. Mwaka 1970 Mwitaliano Cesare Maestri alipandisha kompresa ya petroli ya kuendeshea keekee kwenye mlima Cerro Torre kule Patagonia, Amerika Kusini, akapiga bolti karibu 400 kwenye ukingo wa kusini mashariki, nyingine pembeni kabisa ya nyufa zinazokubali kabari. Kompresa yenyewe akaiacha ikining'inia ukutani.

Fundi Keekee

Kaka, mfano wa Cerro Torre kila mtu anauchukua nusu anayoipenda. Malizia basi. Januari 2012 wapandaji Hayden Kennedy na Jason Kruk walipanda ukingo ule bila kutegemea bolti za Maestri, wakati wa kushuka wakang'oa takriban 120. Hawakumuuliza mtu. Wenyeji wa El Chaltén, mji ulio chini ya mlima ule, walikasirika, maana njia ile ilikuwa imeshakaa miaka 40 na ilikuwa sehemu ya historia ya mlima. Kwa hiyo walioongeza na walioondoa wana kosa moja: waliamua peke yao.

Nirudi kwenye chuma, maana humu watu wanalumbana kuhusu bolti bila kuijua. Kuna kuongeza na kuna kubadilisha. Njia nyingi za zamani zina bolti za milimita 6 au 8, fupi, zilizopigwa kwa mkono, na sikio lake (lile bati lenye tundu la karabina) limeshaliwa na kutu. Kuitoa hiyo na kuweka ya milimita 10 au 12 kwenye tundu lilelile siyo kuongeza. Idadi ni ileile, mahali ni palepale. Anayepinga hata hilo anatetea kutu.

Kiwango cha Ulaya, EN 959, kinataka bolti ihimili kilonyutoni 25 ikivutwa kwa pembeni na 15 ikivutwa kuelekea nje. Lakini namba hizo ni za bolti iliyokaa sawa kwenye mwamba mzima. Ukikosea kuiweka, zimebaki kwenye karatasi.

Kamba Ndefu

Fundi, hebu eleza "kukaa sawa" ni nini, wengi humu wanadhani ni kutoboa na kugonga tu.

Fundi Keekee

Kwanza unagonga mwamba kwa nyundo. Ukilia mkali, kama chuma, endelea. Ukilia mzito, bwuu, kama mlango, kuna uwazi nyuma, hama. Kaa mbali na kingo na nyufa. Mimi sishuki chini ya sentimita 20. Keekee iingie pembe mraba kabisa na uso wa mwamba, usiitikise, maana tundu likipanuka ile pete ya mwishoni, inayotanuka bolti ikikazwa, haishiki. Toboa kina kizidi urefu wa bolti kidogo, ili siku ya kuibadilisha iweze kugongwa ikazama ndani.

Kisha vumbi. Puliza, piga brashi, puliza tena, rudia mpaka lisitoke kitu. Wavivu wanaishia kupuliza mara moja. Gonga bolti iingie, kaza nati kwa spana ya kipimo kwa namba aliyoandika mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira unaivuta shingo ya bolti kabla haijabeba mtu. Na kama nati inazunguka tu na bolti inatoka polepole bila kukaza, usijidanganye kuwa "itashika", tundu limekuwa kubwa.

Kwenye mwamba laini achana na bolti ya kutanuka, tumia ya gundi. Tundu linakuwa pana kuliko bolti kwa milimita mbili hivi. Gundi ya sehemu mbili, ile inayotoka kwanza kwenye mdomo wa bomba itupe mpaka rangi iwe moja, kwa sababu haijachanganyika. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya jiwe. Kesho yake ukiijaribu kwa karabina na ikacheza hata kidogo, hiyo imekufa.

Kamba Ndefu

Ahsante. Sasa mimi naunga mkono kusogeza bolti, ila mahali pamoja: mwanzo wa njia. Tufanye hesabu. Bolti ya kwanza iko mita 3, ya pili mita 6. Kiuno cha mpandaji kiko mita 5, amevuta kamba ili aipachike kwenye ya pili juu ya kichwa chake. Kamba iliyopita bolti ya kwanza ni mita 3 kwenda juu mpaka mkononi na mita 1 kurudi kiunoni, jumla 4. Akiteleza hapo, anaishia mita 4 chini ya bolti iliyo mita 3. Ni ardhi, hata mshika kamba aliye chini awe hodari vipi. Akisubiri mpaka kiuno kifike usawa wa bolti ya pili ndipo apachike, kamba ni mita 3, na bado hatujaweka kunyumbuka kwake. Ardhi tena.

Ishushe ile ya pili iwe mita 4.5. Akivuta kamba kiuno kikiwa mita 3.5, ni mita 1.5 na 1, jumla 2.5, anabaki nusu mita juu ya ardhi, hapo mshika kamba asiwe ameacha ulegevu. Akisubiri afike usawa wake, anabaki mita 1.5. Bolti moja tu, imesogezwa mita moja na nusu. Nani ameporwa historia hapo?

Tena nafasi nyingi kubwa kwenye njia za zamani hazikuwa ushujaa. Mtu alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, anagonga patasi kwa mkono, tundu moja linakula nusu saa au zaidi. Aliweka bolti pale alipoweza kusimama. Leo tunaheshimu uchovu wa marehemu kana kwamba ni falsafa.

Ufa Kwanza

Hesabu yako sina ubishi nayo, ni sahihi. Ila umeleta mfano wa njia ya bolti iliyopangwa vibaya. Hapo hata mimi nasogeza, na hata mwenye njia akiulizwa wengi wao wanakubali. Mimi naongelea ukuta ambao umbali ndiyo njia yenyewe. Mita 8 bila kitu, mteremko wa kutegemea msuguano wa viatu, ndicho kilichoandikwa kwenye kitabu cha njia. Ukiongeza bolti mbili umeifuta, umeweka nyingine yenye jina lilelile.

Kuna waliochukia bolti kuliko mimi na bado wakakubali kusimama. Mpandaji Mmarekani Royal Robbins alianza kung'oa bolti za njia ya mwenzake Warren Harding kwenye ukuta wa El Capitan, Marekani, mwaka 1971, ile iliyopandwa 1970 na ilikuwa na matundu mengi. Akaenda urefu wa kamba chache, akaona upandaji wenyewe ni wa kiwango cha juu, akaacha. Basi na wanaoongeza nao wajifunze kuacha.

Mchanga Mwekundu

Mnasema "mwamba" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye mchanga ulioganda hoja zenu zote mbili zinayumba. Kabari ya chemchemi inasukuma kuta za ufa kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya inayoivuta. Kwenye granaiti hakuna shida. Kwenye mchanga laini, hasa uliolowa, meno yanachimba mfereji na kutoka, ufa unabaki umeharibika zaidi ya tundu la bolti. Ndiyo maana kule Sächsische Schweiz, Ujerumani, kabari za chuma na chaki haziruhusiwi: watu wanafunga mafundo ya utepe kwenye nyufa, na pete za chuma zipo chache, mbalimbali. Kule pete ya kudumu ndiyo inayoulinda mwamba.

Upande mwingine, miamba ya gritstone (mchanga ulioganda ukawa mgumu) ya Uingereza haitobolewi kabisa, kwa makubaliano ya wapandaji wenyewe. Sehemu zote mbili zinakwenda. Kwa hiyo kanuni moja ya dunia nzima msitafute.

Na mvua ikinyesha, mchanga uachwe siku moja mpaka tatu. Hilo halina mjadala.

Chumvi

Mmesahau baharini. Huko suala la "tuongeze ngapi" linakuja baada ya "zilizopo zinashika?" Chuma kisichoshika kutu, hata kile cha daraja la 316, kwenye chokaa ya pwani za joto kinapasuka ndani kwa ndani kutokana na kloridi kikiwa kimebeba mkazo. Kwa nje kinang'aa. Nyufa zake ni nyembamba kama unywele, na bolti inaweza kukatika kwa uzito wa mtu aliyekaa tu kwenye kamba. Railay, Thailand, ndiyo iliyowafundisha wengi, mpaka wakahamia titani ya gundi.

Kwa hiyo anayetaka kuongeza bolti kwenye genge la bahari aseme kwanza nani atazilipia titani, na nani atazikagua. Bolti inayong'aa huku imekufa ni mbaya kuliko ufa mtupu, kwa sababu ufa mtupu haumdanganyi mtu. Na msichanganye sikio la chuma cha zinki na bolti ya chuma kisichoshika kutu: maji ya chumvi yakipita kati yao, zinki inaliwa haraka.

Mwanzisha Mada

Chumvi umenipeleka mahali ambapo sikuwa nimefika. Nina swali kwa wote: nani aamue? Marekani wamelipeleka serikalini. Novemba 2023 idara ya hifadhi na ile ya misitu zilitoa rasimu iliyoziweka nanga za kudumu kwenye kundi la vitu vilivyokatazwa na sheria ya mwaka 1964 ya maeneo ya pori, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapandaji wakapinga, na Januari 2025 ikasainiwa sheria ya EXPLORE, inayotambua nanga hizo kuwa sehemu halali ya upandaji. Keekee za umeme bado marufuku humo porini, ni mkono tu.

Ufa Kwanza

Marufuku ya keekee ndiyo sheria ninayoipenda kuliko zote. Ukijua tundu moja litakugharimu nusu saa ya nyundo, utafikiri mara mbili kama unalihitaji.

Fundi Keekee

Au utatoboa kina kifupi uwahi kumaliza, na atakayeanguka ni mwingine. Bolti fupi za zamani zimetoka wapi, kaka?

Kwenye nani aamue: aliyeifungua njia aulizwe akiwa hai. Akikataa, imeisha. Akiwa hayupo, wanaopanda eneo hilo wakae, pendekezo likiwa limeandikwa: bolti ipi, mita ngapi, kwa sababu gani. Nanga za juu zisisubiri kikao kama mbadala ni mti. Kamba na tepe zinazozungushwa mti uleule kila wiki zinachuna ganda, mti unakufa, udongo wa ukingoni unashuka na mvua. Bolti mbili na mnyororo zinamaliza kazi.

Kamba Ndefu

Na zikiwekwa halafu kikao kikasema zitoke? Wengi wanachukua nyundo na kukata.

Fundi Keekee

Hao ndio wanaoharibu mara ya pili. Ukiikata kwa nyundo kinabaki kisiki, kinatoa kutu mpaka mwamba unapata mstari wa kahawia, na tundu halitumiki tena. Ya kutanuka: fungua nati, toa sikio, gonga bolti izame ndani kama kina kilizidi, au ivute kwa kifaa cha kuvutia. Ya gundi inakatwa kwa keekee yenye mdomo wa bomba, polepole, na maji. Kisha changanya gundi ya epoksi na unga wa jiwe lilelile ulilotoboa, jaza mpaka ibaki milimita moja chini ya uso, nyunyiza unga mkavu juu kabla haijakauka na ubonyeze kwa kidole chenye glavu.

Ufa Kwanza

Unga wa jiwe lilelile, siyo wa jirani. Nimeona mabaka meupe kwenye ukuta wa kijivu, yanaonekana kutoka chini kuliko bolti yenyewe.