Wenye hoteli wa Njombe, AC ya kupoza mwezi wa saba ni ya nini?

Wakuu, nimekasirika, nivumilieni.

Nimetoka Njombe juzi, nilikwenda kikazi. Wanaoijua Njombe ya mwezi wa saba wanajua, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na ukiongea mdomo unatoa moshi. Nimefika saa tatu usiku nimeganda. Dada wa mapokezi ananiambia kuna chumba cha 50,000 na cha 80,000, tofauti ni AC. Mimi kwa akili yangu nikajua AC ya huku lazima ipashe joto. Nikalipa 80,000.

Naingia, nashika rimoti, alama ya jua ipo, naweka 28. Inavuma upepo tu. Nusu saa nzima! Namwita dada, anakuja amevaa sweta mbili na kitenge juu yake. "Kaka, hiyo ni ya kupoza tu, wageni wengi huwa hawaiwashi." Sasa ile 30,000 yangu ni ya kutazama pambo la ukutani?

Nikampigia shemeji yangu, fundi AC Dar. Akacheka kwanza. Kumbe rimoti moja hutengenezwa kwa mashine za aina nyingi, ndiyo maana jua lipo hata kama mashine haijui kupasha. Ya kupasha ina vali inayogeuza mzunguko wa gesi, joto linachukuliwa kutoka nje na kuletwa ndani. Na haili umeme kama hita ya koili: hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa, AC ya namna hiyo inaweza kutoa joto lile lile kwa kama theluthi ya umeme huo. Tofauti ya bei dukani ipo, lakini kwa chumba cha 80,000 hamshindwi. Mmekwenda Kariakoo mkabeba zile zile za Dar, mkapandisha bei.

Halafu kilichonimaliza kabisa: yule dada akaniletea jiko la mkaa! Chumbani, mlango umefungwa. Moshi wa mkaa unaouona siyo unaoua, inaua ile hewa isiyo na harufu, unalala huamki. Nikalitoa nje hapo hapo. Dada wa watu sina ugomvi naye, katumwa.

Na hata hiyo AC ingepasha, dirisha ni la vipande vya vioo, viwili havifungi, na chini ya mlango panapita panya. Kama pesa hakuna, si mzibe hapo kwanza na kuongeza blanketi zito? Nimelala na koti na soksi, risiti imeandikwa "chumba cha AC".

Narudi huko tarehe 20. Kuna anayejua loji Njombe mjini yenye AC inayopasha kweli, aliyelala humo mwenyewe, siyo aliyeona picha?