Naomba ushauri: KVM (sehemu ya Linux inayoharakisha mashine pepe) imegoma kwenye Debian 12, na BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ina nywila

Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5, RAM GB 16, Debian 12. Nataka iwe seva ya mashine pepe (kompyuta za kuigwa ndani ya kompyuta) mbili tatu za kujifunzia. Nimeweka programu za kuendesha mashine pepe, yaani qemu-system-x86, libvirt-daemon-system na virt-manager, nikajiongeza kwenye kundi la watumiaji la libvirt. Hadi hapo shwari.

Sasa nikitaka kutengeneza mashine, naambiwa KVM haipo. Kweli, /dev/kvm haionekani, na kwenye dmesg (ujumbe wa kernel) kuna mstari "VMX (outside TXT) disabled by BIOS", yaani BIOS imeizima. Nikasema rahisi, naingia BIOS nawasha VT-x, uwezo wa prosesa ambao KVM inauhitaji. Naulizwa nywila! Aliyeniuzia haijui, naye aliinunua kwenye mnada wa ofisi. Nimetoa betri ya CMOS (inayotunza saa na mipangilio ya BIOS) nusu saa. Saa imerudi nyuma miaka, nywila ipo palepale.

Naomba kujua: hizi za ofisini huwa na jampa (kiunganishi kidogo cha pini) ya kufuta nywila kwenye ubao mama, au inakaa kwenye chipu nyingine kabisa? Na nikitumia QEMU (programu inayoiga kompyuta) tupu bila KVM, Debian isiyo na desktopu itatembea, au nitaota mvi nikisubiri iwake?